Daraja Lililoezekwa

Mwaka jana rafiki yangu mmoja aliyeko bara aliniletea kitabu chembamba cha hadithi za watoto kutoka Amerika ya Kaskazini, akaniomba nikitie katika Kiswahili. Niliipokea kazi ile kwa furaha, maana lugha yake ilikuwa nyepesi na mambo yake ni ya kawaida: paka, bustani, shangazi mwenye hasira. Hadithi tano za mwanzo nilizimaliza kwa siku kumi. Ya sita ilinisimamisha kwa wiki tatu, na kilichonisimamisha kilikuwa daraja.

Katika hadithi hiyo mtoto wa kike na babu yake wanashikwa na mvua njiani, wakakimbilia darajani, wakakaa humo hadi mvua ilipokatika. Hebu fikiri, msomaji mwenzangu, watu wanakimbilia darajani kujikinga na mvua! Sisi tuliolelewa kandokando ya Ziwa Tanganyika, mvua ikikukuta darajani unapiga mbio utoke, kwa sababu hujui mto utakuja na nini. Lakini daraja la hadithi ile lilikuwa la mbao, lina kuta mbili na paa, limekaa juu ya mto kama banda refu lililofunguliwa ncha zote mbili.

Mara ya kwanza niliandika "daraja lililofunikwa". Nikaisoma sentensi kwa sauti, kama ninavyosoma mashairi kabla ya kuyatoa nje, nikaona haya. Kinachofunikwa ni chungu, kisima, au maiti. Nikajaribu "daraja lenye paa". Maana ilifika, ila neno lilisimama pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nikaiacha karatasi mezani, nikaenda sokoni, nikarudi, nikaikuta vilevile.

Mimi si msomi wa vyuo. Nilimaliza darasa la saba Ujiji, na Kiingereza changu nilikitoa katika kamusi moja iliyokatika jalada, nikikisoma usiku kwa taa ya chemni. Mtu aliyejifunza namna hiyo huwa hawezi kulivuka neno asilolielewa. Huona kama ameiba. Kwa hiyo nilianza kutafuta habari za madaraja hayo, nijue kwa nini watu walijitaabisha kuujengea mto nyumba.

Nilivyoelewa, jambo lenyewe ni rahisi. Katika nchi zenye misitu mikubwa ya misonobari, karne ya 19, mbao ilikuwa rahisi na chuma kilikuwa ghali. Mafundi walijenga madaraja kwa mihimili ya mbao iliyopandana na kukatana, na kila mahali mihimili ilipokutana palikuwa na kiungo. Maji ya mvua huingia katika viungo hivyo, hukaa, huozesha. Daraja lililoachwa wazi lilichakaa kwa miaka michache tu, pengine kumi, pengine ishirini. Lililojengewa paa na kuta liliweza kufika miaka mia na kuzidi. Kwa hiyo paa halikuwekwa kwa ajili ya mtoto na babu yake. Liliwekwa kwa ajili ya mbao, na wapita njia wakapata sitara bila ya kukusudiwa.

Yako mengine yenye sifa kubwa. Kule Lucerne, Uswisi, liko la waendao kwa miguu liitwalo Kapellbrücke, lililojengwa karne ya 14. Sehemu yake kubwa iliungua usiku mmoja wa Agosti 1993, na mwaka uliofuata likafunguliwa tena. Kule Hartland, New Brunswick, nchini Kanada, liko la takriban mita 391, refu kuliko yote ya aina yake duniani. Lilifunguliwa mwaka 1901 likiwa wazi, na paa lake likaja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Nilipofika hapo, kwenye habari ya viungo na maji, nikaweka kalamu chini. Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia, kwa Kiswahili, nikiwa mtoto wa miaka minane au tisa, ufukweni Ujiji.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitumbwi na maboti. Alikuwa na banda lake karibu na maji, nguzo sita na paa la majani ya mchikichi, halina ukuta hata mmoja. Boti iliyokuwa ikitengenezwa ililazwa ndani ya banda hilo. Mtumbwi mzee ambao mwenyewe hakuuhitaji kwa miezi kadhaa aliujaza mawe akauzamisha ziwani, karibu na ufuko, mahali alipoweza kuuona. Nilidhani anauadhibu. Siku moja nikamuuliza.

"Baba, mbona huu unauzamisha na ule unauezekea?"

Hakuinua macho. Alikuwa akikalafati, akisukuma pamba baina ya mbao mbili kwa patasi butu.

"Mwanangu, mbao haifi kwa maji. Haifi kwa jua vilevile. Inakufa kwa maji na jua kwa zamu. Leo ilowe, kesho ikauke, keshokutwa ilowe. Basi uizamishe kabisa au uiezeke kabisa. Usiiache katikati."

Hakuwa ameona daraja la Lucerne wala la Hartland. Lakini elimu iliyoyajenga madaraja yale alikuwa nayo yote katika sentensi hizo, na alinipa bure. Alipenda pia kutoa mfano wa meli yetu kuu, Liemba. Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunganisha Kigoma, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. "Unaona," baba alikuwa akisema, "hata chuma ukikizamisha kwa heshima kinarudi."

Basi nikajiuliza: ikiwa elimu tulikuwa nayo, na misitu ya miombo tulikuwa nayo, mninga na mvule, kwa nini kwetu hatukuwa na daraja hata moja la namna ile? Mto tunao. Malagarasi ni mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika kutoka upande wetu. Unatoka karibu na mpaka wa Burundi, unazunguka kama mtu aliyesahau aendako, unapita katika mabwawa makubwa ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika hifadhi za Mkataba wa Ramsar, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza penye chumvi, na unamwaga maji yake ziwani kusini ya Ujiji. Misafara yote iliyotoka pwani kupitia Tabora kuja Ujiji ilibidi iuvuke. Chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, iliuvuka. Pembe za ndovu ziliuvuka. Daraja halikujengwa.

Jibu moja limo katika vitabu vya wageni. Richard Burton na John Speke waliufikia mto huo Februari 1858, siku chache kabla ya kuliona ziwa. Henry Morton Stanley aliufikia mwishoni mwa mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Wote walilalamika jambo lile lile: mtawala wa Uvinza alidai hongo kabla ya kuruhusu mtu aguse maji, na hongo ilipokwisha kulipwa, wenye mitumbwi nao walidai nauli yao. Stanley alipatana bei, ikadaiwa nyingine. Watu na mizigo walivuka katika mitumbwi myembamba, na punda walivutwa kwa kamba wakiogelea. Punda wake mmoja, aliyempa jina la Simba, alikamatwa na mamba katikati ya mto, na kamba ikarudi mikononi mwa watu haina mzigo.

Mwenye kuumiliki mto hana haja ya daraja. Daraja ni mali ya kila mpitaji, na kivuko kina mwenyewe. Simlaumu mtawala yule. Kila mmoja njiani alikuwa akitoza kwa alichonacho, na misafara yenyewe haikuja kwa sadaka. Lakini wageni wale walihesabu vitambaa na shanga walizolipa. Wako waliovuka pale ambao hawakulipa kitu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa mzigo. Hao vitabu havikuwauliza majina.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Ujiji, lakini mama yake hakuzaliwa Ujiji. Aliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana mdogo, pamoja na dada yake. Walivushwa ziwa katika chombo kimoja, wakakaa Ujiji muda ambao bibi hakuweza kuutaja. Kisha mdogo akachukuliwa na nyumba moja ya mjini, akabakia. Mkubwa akatiwa katika msafara uliokuwa ukienda mashariki. Mdogo alimsindikiza kwa macho mpaka miembe ilipomficha. Baadaye watu waliorudi walimwambia kwamba msafara ule ulifika Malagarasi salama, ukavuka. Hiyo ndiyo habari ya mwisho ya dada yake. Hakupata nyingine maisha yake yote.

Kwa hiyo katika familia yetu Malagarasi haukuwa jina la mto tu. Bibi akitaka kusema kwamba jambo limekwisha na halirudi, alisema, "Hilo limeshavuka Malagarasi." Kikombe kikivunjika kilikuwa kimevuka Malagarasi. Binti akiolewa mbali, amevuka Malagarasi. Tulicheka tukiwa watoto. Hatukujua tunacheka nini.

Miembe ile ipo. Husimuliwa kwamba ilitokana na kokwa zilizotupwa njiani na watu wa misafara, na kwamba njia ya watumwa unaweza kuifuata kwa miti yake kutoka Ujiji hadi pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake. Wageni huja kuuona mwembe wa Livingstone, yaani watoto wa mwembe ule, maana wenyewe ulikwisha kufa. Wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tulikuwa tukipita chini ya miembe mingine isiyo na jina, matawi yameshikana juu ya vichwa vyetu, mvua inanyesha kando na sisi hatulowi. Nilipokuwa nikisumbuka na tafsiri yangu niliyakumbuka matawi hayo. Kama kwetu paliwahi kuwa na njia ya mti yenye paa, ni ile. Na waliopita chini yake wakiwa wamefungwa shingo walipewa kivuli bila ya kukusudiwa, kama mbao na babu wa hadithi.

Mimi mwenyewe niliuvuka Malagarasi mara ya kwanza kwa treni, nikiwa na miaka ishirini, nikija kutafuta maisha pwani na hatimaye kisiwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ndiyo iliyoufanya mto ule usiwe tena na mwenyewe. Nakumbuka nilitoa kichwa dirishani nilipousikia mlio wa magurudumu umebadilika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa. Nilitamka jina la bibi kimoyomoyo, nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Baba alifariki mapema mwaka 1998. Wanaokumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 watajua ninachotaka kusema. Reli ilikuwa imekatika, barabara za bara zilikuwa tope. Habari ilinifikia Unguja kwa simu ya jirani, jioni, na kufikia saa hiyo baba alikuwa ameshazikwa, kama inavyopasa. Mazishi nisingeyawahi hata reli ingekuwa nzima. Lakini arobaini ningeiwahi. Nilivuka bahari hadi Dar es Salaam, nikakaa kwa jamaa, kila asubuhi nikienda stesheni kuuliza, kila asubuhi nikiambiwa nije kesho. Siku arobaini zilinipitia pale, kwenye benchi, na kanzu yangu ndani ya mfuko.

Nilipofika Ujiji khitma ilikuwa imesomwa, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Mama hakunilaumu. Alinitengea chakula, akakaa mbele yangu.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mto ulikuwa umejaa. Baba yako anajua habari za mito."

Kisha akanionesha banda. Lilikuwa limeanguka upande mmoja. Mvua zile ziliozesha nguzo mbili, na katika siku za ugonjwa hapakuwa na wa kulikarabati. Boti ya mwisho aliyoianza ilikuwa chini yake, taruma zimepigiliwa nusu. Nusu ya boti ilikuwa chini ya paa, nusu iko nje. Nusu ya nje ilikuwa imeshaanza kulainika. Niliibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikaingia. Nilimlilia baba wakati huo, na hadi hapo nilikuwa sijamlilia.

Sikuiezeka. Nilikuwa na likizo ya siku kumi na ujana mwingi, nikarudi pwani. Banda lilimalizika kuanguka baada ya mwaka mmoja. Kwa muda wa miaka mingi nimeandika mashairi ya bahari, ya mapenzi, ya marafiki waliofariki, na sikuandika hata ubeti mmoja juu ya boti ile.

Siku hizi Malagarasi una daraja kubwa la barabara. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa mwaka 2010 kwa mkopo wa Korea Kusini, lina urefu wa mita 275, nalo linaitwa Daraja la Kikwete. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani kumzuru mama nilipanda basi. Nilikuwa nimejiahidi kwamba tutakapofika mtoni nitasimama, nitaangalia maji, nitamsomea Fatiha yule dada aliyevuka, kwa kuwa hakuna ajuaye kaburi lake. Lakini safari ilikuwa ndefu, lami ilikuwa laini, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Uvinza. Nilimuuliza kijana aliyekaa jirani yangu kama tumevuka mto.

"Zamani sana, mzee," akasema. "Hata hukushtuka."

Nikakasirika, kisha nikatafakari. Pale ambapo watu waliganda siku nyingi wakisubiri ruhusa, pale dada alipotengana na dada, mimi nilipita nimelala na shingo imelegea, na hakuna aliyenitoza kitu. Pengine hiyo ndiyo kazi ya daraja. Lakini kila lililo rahisi kuvuka ni rahisi pia kusahauliwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kusahau, ilhali nilikuwa nimeweka ahadi.

Niliporudi kisiwani niliikuta karatasi ya tafsiri mezani. Nikaketi, nikafuta neno la kwanza na la pili, nikaandika: daraja lililoezekwa. Lilikuwa neno la baba, lilelile alilolitumia kwa boti. Kinachoezekwa ni kile ambacho mtu anakusudia kidumu, na kila masika anarudi kukiangalia. Mtoto wa Ujiji atakayeisoma hadithi ile hajaona daraja la namna hiyo, lakini ameona banda, na atajua mara moja kwamba mtu alilijali. Usiku ule ule, baada ya miaka zaidi ya ishirini na mitano, nikapata ubeti:

Maji hayaui mbao, wala jua peke yake,
Huiua zamu zao, kila moja saa yake,
Na kwa waja wavukao, moyo una paa lake,
Kumbukumbu za wafao, ziezekwe zisivuje.

Ni ubeti mmoja tu, na wataalamu wa arudhi watauona ulivyo. Nimeuleta hapa kwa sababu ya wasomaji wa jarida hili, ambao wengi ni watu wa visiwa na wa mwambao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa hapa mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe hizo tunazo. Tusizonazo ni habari za nyumbani, zile zilizosemwa kwa sauti ya chini, ambazo leo hukumbukwa na kesho huonewa haya, hulowa zikakauka, mpaka ukizigusa kidole kinaingia.

Asaa katika nyumba moja ya Ng'ambo, au Pemba, au Bagamoyo, palikuwa na bibi kizee aliyekuwa akisema juu ya mto wa maji mekundu na mdogo wake aliyebaki chini ya miembe. Kama yupo aliyewahi kusikia maneno hayo kwa wazee wake, namwambia kwamba mdogo wake aliishi, alizaa, na alimkumbuka mpaka mwisho. Jina lake tunalo. Nitampa atakayeniuliza.